Kipimo 'kimepata', lakini kimepata nini?

Muulize mkazi wa Matasia, hapa Kajiado, aliyetoka kliniki akupe habari. Atakwambia: "Nimepimwa, nikapatikana na brusela." Kitenzi hicho, kupatikana, ndicho ninachokichambua juma hili. Mshtakiwa hupatikana na hatia baada ya ushahidi kusikizwa. Mgonjwa wetu hupatikana na ugonjwa kwa tone la damu na dakika chache, basi, kesi imefungwa.

Watafiti hawajaifunga. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa Busia kuhusu kipimo cha haraka cha brusela ambacho hospitali zetu zimekizoea. Kati ya wagonjwa zaidi ya 800, karibu mmoja katika kila watano aliambiwa anao. Damu hiyo hiyo ilipopimwa kwa njia ya kuaminika zaidi, waliosalia walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Na tiba ya brusela si mchezo: ni antibiotiki za wiki 6 hivi. Wangapi wamezimeza bure huku ugonjwa wao halisi ukiwatafuna?

Lugha inaingiaje hapa? Kipimo cha aina hii hutafuta kingamwili, si kijidudu chenyewe. Kingamwili zaweza kuwa za maradhi ya kale, au za kijidudu kingine kinachofanana na kile. Kauli ya haki ni "kipimo kimeashiria". Sisi husema "kimethibitisha", na magazeti huandika hivyo bila kuuliza ni kipimo gani.

Kisha kuna neno homa, ambalo kwangu ndilo tatizo kubwa zaidi. Homa ya matumbo, homa ya mapafu, homa ya ini, homa ya manjano: dalili imegeuka jina la ukoo. Kenya hii hata mafua ni homa! Mitaani joto la mwili likipanda, jina la kwanza kutajwa ni malaria. Madaktari nao hawajaepuka mtego huo. Utafiti wa Moshi, Tanzania, uliochapishwa 2013, ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa wakiwa na joto jingi mwilini. Zaidi ya asilimia 60 walidhaniwa wana malaria. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Miongoni mwa wengine kulikuwa na maradhi yatokayo kwa wanyama, brusela ikiwamo.

Mlipuko wa leptospirosisi ulipotokea Lindi 2022, Watanzania waliuita homa ya mgunda, yaani ya shamba. Homa imerudi tena, sawa, lakini angalau jina linaelekeza kidole mahali. Brusela latokana na jina la daktari David Bruce, halimwambii mfugaji kitu. Wapo wanaopendekeza "homa ya maziwa". Siungi mkono. Wataalamu wa mifugo tayari hulitumia kwa ng'ombe aliyepungukiwa na kalisi baada ya kuzaa, na tena ugonjwa huu hauji kwa maziwa mabichi tu, huja pia kwa kushika kondo la mnyama aliyeharibu mimba.

Mtu atasema eti istilahi haitengenezi maabara. Kweli. Ila mgonjwa aliyeambiwa "kimeashiria" ana sababu ya kuuliza: je, kuna kipimo cha pili? Aliyeambiwa "umepatikana" huenda moja kwa moja dirisha la dawa.