Vidonge 50 kwa Maumivu ya Vidonge 6

Madaktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walikuwa wakimwandikia mgonjwa aliyetolewa mfuko wa nyongo dawa za jamii ya afyuni zinazolingana na miligramu 250 za mofini, yaani vidonge kama 50. Watafiti walipowauliza wagonjwa wamemeza vingapi, jibu la kawaida likawa 6 hivi. Vingine vilibaki majumbani, mahali ambapo yeyote angeweza kuvifikia.

Michigan ikapunguza. Mwongozo mpya ulitaka vidonge visizidi 15, na mgonjwa aelekezwe kutumia paracetamol na ibuprofen. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kiwango kilichoandikwa kilishuka hadi miligramu 75, wagonjwa hawakurudi kwa wingi kuomba dawa zaidi, wala maumivu hayakuzidi. Ajabu ni kwamba waliopewa vichache walimeza pia vichache.

Sababu ya kupunguza ilikuwa nzito. Utafiti wa mwaka 2017 ulifuatilia watu zaidi ya 36,000 waliopasuliwa ilhali hawakuwa watumiaji wa dawa hizo. Takribani 6 katika kila 100 walikuwa bado wanazichukua baada ya miezi mitatu. Kwa wasiopasuliwa, hawakufika hata mmoja katika 100. Upasuaji mdogo na mkubwa ulitoa viwango vinavyokaribiana. Kama maumivu ya kidonda ndiyo yangekuwa chanzo, waliofanyiwa upasuaji mkubwa wangezidi kwa mbali.

Huko Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, Tanzania, hesabu inageuka. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa hizi zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Katika wodi za vijijini, hatari ya kawaida ni mama aliyejifungua kwa upasuaji kuchomwa pethidini mara moja, kisha kuachiwa panadol mpaka alalamike. Hofu ya uraibu nayo ina mizizi: kliniki ya methadoni iliyofunguliwa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 iliwapokea watu walionaswa na heroini. Lakini hao walinaswa na unga wa mitaani, si na dawa ya wodini.

Mbinu ya kutuliza maumivu bila kutegemea afyuni pekee haihitaji mitambo. Msingi wake ni paracetamol gramu moja kila baada ya saa sita, pamoja na diclofenac au ibuprofen kwa asiye na tatizo la figo, vidonda vya tumbo au kutokwa damu. Dawa hizo hutolewa kwa saa, si kwa kilio. Kabla ya kufunga jeraha, daktari huchoma ganzi ya bupivacaine kwenye kingo zake. Penye mtoa usingizi mwenye ujuzi, mikrogramu 100 za mofini ndani ya ganzi ya mgongo hutuliza kwa takribani siku nzima, mradi upumuaji wa mgonjwa uangaliwe.

Kisha mgonjwa huulizwa: kutoka 0 hadi 10, unaumwa kiasi gani unapokohoa au kuinuka? Ni kwa yule tu ambaye alama yake imebaki juu ndipo kabati la dawa zinazodhibitiwa hufunguliwa na dozi kuandikwa kwenye rejesta.

Uganda ilithibitisha kwamba udhibiti unaweza kwenda pamoja na upatikanaji. Tangu Dkt. Anne Merriman aanzishe Hospice Africa Uganda mwaka 1993, unga wa mofini umekuwa ukichanganywa na maji kuwa dawa ya kunywa, na rangi tofauti kutofautisha nguvu zake. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika. Walengwa wakuu walikuwa wagonjwa wa saratani na UKIMWI, lakini utaratibu wa mafunzo na kumbukumbu unafaa pia wodi ya upasuaji.

Kikwazo kikubwa vijijini ni mikono. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku hawezi kukaa kwenye kila kitanda akisubiri kuitwa. Hapo ndipo chati yenye saa maalumu humsaidia: wengi wanakuwa wameshameza dawa zao saa nne usiku, naye anabaki na wachache wa kupimwa tena na kuchomwa mofini kabla maumivu hayajapamba moto.