Kila Sauti na Njia Yake

Ufundi ninaokusudia kuusifu hapa hauna jukwaa wala makofi, na wasikilizaji walio wengi, hata wale wanaoupenda muziki mapenzi ya dhati, huishi maisha yao yote bila ya kujua kwamba upo. Ni ufundi wa kuichukua ala moja iliyomo ndani ya kompyuta, ambayo tumboni mwake imebeba ala nyingi, kama vile ngoma, besi, udi, fidla, filimbi na sauti za kwaya, na kuipa kila moja ya hizo traki yake katika programu ya kurekodia, ili iingie kwa mlango wake, itoke kwa mlango wake, na ipate kusikilizwa, kupimwa na kurekebishwa pasipo kuwasumbua jirani zake. Autazamaye kwa mbali huuona kuwa ni kazi kavu ya kuunga waya zisizoshikika. Mimi nauona kuwa ni mlango mkubwa wa insafu katika sanaa ya muziki, na muradi wangu ni kuonyesha kwa nini.

Nimeutafakari ufundi huu zaidi kwa ajili ya Engaresero kuliko kwa ajili ya mji wowote wenye studio. Engaresero ni kijiji cha Wamasai katika wilaya ya Ngorongoro, kusini mwa Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, na ambao ndio volkano hai pekee duniani ijulikanayo kumwaga lava ya natrokabonati, inayotoka nyeusi kisha ikageuka nyeupe ikutanapo na unyevu wa hewa. Muziki wa watu wa hapa, tangu jadi, haukuegemea ala. Umejengwa juu ya koo na pumzi: olaranyani hutangulia na kuutupa mstari juu, na morani humwitikia kwa sauti nzito zinazopishana na kupandana, mmoja akiivuta pumzi pale mwenzake anapoitoa, hata kuhema kwenyewe kukawa mapigo, na ala iliyopewa heshima katikati ya koo hizo ni pembe ya tandala, ipulizwayo katika sherehe kubwa kama eunoto. Wanawake nao huimba mabega yakicheza, na shanga pana za shingoni zikicheza pamoja nao. Sikio geni husikia hapo kishindo kimoja, lakini sikio lililokaa na wimbo humtambua kiongozi, huwatambua waitikiaji, hutambua mkoromo unaotambaa chini ya wote, na hutambua mlio mwembamba wa mapambo.

Tuseme basi kwamba fundi wa Arusha au wa Karatu ataka kuutandikia wimbo wa namna hii msindikizo wa ala za kompyuta. Si jambo la ajabu: kundi la X Plastaz la Arusha lilikwisha kuonyesha, katika albamu yake Maasai Hip Hop ya mwaka 2004, kwamba kurapu kwa Kiswahili na uimbaji wa Kimasai vyaweza kukaa nyumba moja. Fundi huyu akiziacha ala zake zote zitoke kwa mlango mmoja, besi itakutana na mkoromo wa morani katika kina kile kile cha sauti, na kimojawapo kitammeza mwenziwe. Afanyeje? Akiipunguza besi, na filimbi nayo imepungua. Akiinyanyua filimbi isikike, na besi imerudi kumkaba mwimbaji koo. Akiongeza mwangwi ili ngoma ipate upana wa bonde, udi umezama katika mwangwi huo huo ambao haukuuhitaji. Kila dawa anayoitia humnywesha mgonjwa na wazima pamoja naye. Hana hila yoyote ya kujiokoa, illa arudi nyuma na kuzigawa sauti kama ilivyompasa tangu awali.

Wazee wetu hawakuwa na hiari hii. Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV, mwimbaji na wapigaji waliingia pamoja katika rekodi moja, na mizani ya wimbo ilitafutwa kwa kumsogeza mtu karibu na kipaza sauti au kumweka kando nacho. Alipokosea mmoja, hapakuwa na namna ya kulitoa kosa lake peke yake. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akikusanya nyimbo na milio ya ala, alitegemea vivyo hivyo mahali alipokielekeza kipaza sauti wakati watu wakiimba. Nazisikiliza kazi hizo kwa staha kubwa, kwa kuwa mchanganyo wao ulifanywa na miguu ya watu na busara ya masikio, kabla ya sauti ya kwanza kutoka. Walakini sauti iliyofichwa na mwenziwe siku ile imebaki imefichwa hata leo.

Mtu aliyenifunza zaidi katika mlango huu hakuwa fundi wa studio. Simha Arom, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi Jamhuri ya Afrika ya Kati, alitaka kuifahamu miziki ya huko yenye sauti nyingi zilizosukwa pamoja, ambayo haikukubali kuandikwa kwa kusikilizwa tu. Ndipo katika miaka ya 1970 alipotumia hila njema: humrekodi mpigaji mmoja, kisha humvalisha wa pili vipokea sauti masikioni, apige sehemu yake huku akimsikia wa kwanza, na wa tatu vivyo hivyo, mpaka kila sehemu ikapatikana peke yake, na zote kwa jumla zikawa bado ni ule ule muziki. Matunda ya kazi hiyo yalitoka katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1985. Ninachokithamini mno katika hila hiyo ni sharti lake: mwanamuziki alitengwa na wenzake katika utepe, lakini hakutengwa nao masikioni. Asingeweza kuitoa sehemu yake ilivyo kama angenyimwa kuwasikia wengine. Nami naamini kwamba ugawaji wowote wa sauti unaofaa kuitwa ufundi, hata huu wetu wa kompyuta, umesimama juu ya sharti hilo hilo.

Vyombo vyenyewe vilikuja kwa hatua. Mwaka 1983 watengenezaji wa Marekani na Japani, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi wakiwa mstari wa mbele, walikubaliana juu ya lugha moja ya vinanda vya umeme, iitwayo MIDI, yenye chaneli 16 ndani ya waya mmoja. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ikaleta utaratibu wa VST mwaka 1996, na mwaka 1999 ikaupanua hata ala zenyewe zikahamia ndani ya kompyuta. Tangu hapo kijana mwenye kompyuta moja ya mkononi ameweza kumiliki okestra, na kuimiliki okestra si sawa na kuiongoza.

Kuiongoza kuna njia mbili, na wanafunzi wengi huijua moja tu. Iliyo ya kwanza ni njia ya amri. Noti zilizoandikwa katika traki si sauti bado. Ni maagizo tu, kwamba bonyeza hapa, achia pale, kwa nguvu kadha. Kila traki ya maagizo hupewa namba ya chaneli yake, na ndani ya ala kuu kila sehemu huamriwa itii namba hiyo na kuzipuuza nyingine zote. Mwanafunzi akifika hapo huziona traki zake zimejipanga kwa safu na rangi, moyo wake ukatulia, akadhani kazi imekwisha, kumbe sauti zote zingali zinatoka pamoja katika mlango mkuu wa stirio, zimekwisha kuchanganyika kabla ya kufika kwenye miksa. Imebaki njia ya pili, iliyo njia ya sauti: sharti arudi ndani ya ala, aifungue milango mingine ya kutokea, aiambie kila sehemu mlango wake ni upi, kisha atoke na kuifungua milango hiyo hiyo upande wa programu ya kurekodia, kwa sababu programu nyingi huifunga mpaka ziombwe, na hatimaye aipeleke kila sauti kwenye traki ya miksa inayoihusu. Mlango uliofunguliwa upande mmoja na kusahauliwa upande wa pili hauleti onyo lolote. Huleta ukimya tu, na ukimya ni mgumu kuuhoji kuliko kelele. Kwa hiyo fundi mtulivu hupiga noti moja kwa kila sehemu, akatazama taa ya traki gani imewaka, ndipo akaandika jina. Nasisitiza juu ya jina. Traki iitwayo "Traki 7" ni yatima. Ikiitwa "fidla ya pili", hata mgeni atakayeufungua wimbo baada ya miaka mingi atajua amemkuta nani.

Manufaa ya kuzitenga amri hudhihirika vizuri kuliko popote katika taarabu. Maqamu kama Rast na Bayati yana sauti zinazokaa kati ya vibonyezo vya kinanda, nusu ya nusu toni, na ala ya kompyuta huzifikia kwa kupinda sauti. Katika MIDI, amri ya kupinda haiihusu noti moja, bali chaneli nzima. Kipimo chake kina ngazi 16,384, katikati ni 8,192, na upindaji uliozoeleka ni nusu toni mbili juu na mbili chini. Hivyo anayetaka kuishusha sauti kwa robo toni huiteremsha mpaka ngazi ya 6,144. Kanuni na udi zikiwa katika chaneli moja, udi ukipindwa, kanuni nayo itapindika, na maqamu yataharibika mbele ya kila mtu mwenye sikio. Kila ala ikiwa na chaneli yake, udi waweza kulia Bayati huku besi imesimama wima palepale ilipo. Wapo wanaosema kwamba kinanda kimeiua taarabu. Mimi nasema kwamba lililoidhuru zaidi ni uvivu wa kuzirundika ala zote mahali pamoja, na uvivu huo unatibika.

Lipo pia jambo la uchumi, nalo nitalipita upesi. Ala moja iliyofunguliwa mara moja na kugawiwa sehemu nyingi aghalabu huilemea kompyuta kidogo kuliko ala ile ile iliyofunguliwa upya kwa kila sehemu, na kwa mtu anayefanya kazi kwa kompyuta ya bei nafuu na umeme wa jua, tofauti hiyo yaweza kuamua kama wimbo utakamilika au hautakamilika.

Engaresero yenyewe inatoa ushahidi wa thamani ya kutenga, tena wa kale kupita muziki wowote uliorekodiwa. Katika majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, karibu na ziwa, zipo nyayo za binadamu 408, zilizokanyagwa wakati fulani kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita, ambazo wenyeji ndio waliozijua kabla ya wanasayansi. Ukizitazama zote kwa pamoja ni uwanja uliokanyagwa tu. Watafiti walipoifuata safu ya kila mtu peke yake, wakapima urefu wa wayo na wa hatua, waliwatambua watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja kuelekea kusini-magharibi, na katika taarifa yao ya mwaka 2020 wakakadiria kwamba 14 kati yao walikuwa wanawake, pamoja na wanaume wawili na kijana mmoja wa kiume, jambo lililowakumbusha desturi ya Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, ambao wanawake wao hutoka kwa kundi kwenda kutafuta chakula. Ujamaa wa msafara ule haukujulikana mpaka kila msafiri aliposomwa kwa nyayo zake mwenyewe. Fundi anayeigawa ala yake kwa uangalifu huupata muziki kwa njia hiyo hiyo.

Hata hivyo kutenga kuna mpaka wake, na hapa ndipo ustadi unapojulikana na pupa. Waitikiaji wa Kimasai waliosimama bega kwa bega, wakirekodiwa kwa vipaza sauti viwili mbele yao, wasigawanywe. Pumzi zao zimeingiliana, na mwingiliano huo ndio wimbo wenyewe. Aidha seti ya ngoma ndani ya kompyuta, hata kama kila ngoma imepewa traki yake, yapasa ibakizwe na traki moja ya chumba ambamo zote husikika pamoja, maana ngoma zisizo na chumba husikika kama zimepigwa na watu wasiojuana. Kwaya ya kanisani yenye sauti nne hutosheka na traki nne. Nimesikia miziki iliyokatwakatwa hata kila uzi wa fidla ukawa na njia yake, na nilichokisikia kilikuwa ni hesabu iliyofanywa vizuri, wala hapakuwa na kundi. Mimi hujiuliza swali moja tu kabla ya kufungua mlango mpya: je, sauti hii itahitaji siku moja kutendewa jambo ambalo mwenziwe hakustahili kutendewa? Jibu likiwa la, huiacha ikae na ndugu zake.

Kazi ikikamilika, limebaki fungu moja ambalo mafundi wengi huliruka kwa uchovu. Programu huzeeka, na ala ya kompyuta iliyonunuliwa leo yaweza kushindwa kufunguka katika kompyuta ya kesho. Kwa hiyo kila traki itolewe kama faili ya sauti iliyo kamili, zote zikianza katika nukta ile ile ya mwanzo hata kama ala fulani haiingii mpaka ubeti wa mwisho, zikiandamana na karatasi ya kasi ya wimbo, majina ya sehemu, na majina ya walioimba. Wimbo ukiwa ni wa Engaresero, nakala ya faili hizo irudi Engaresero, na sauti ya olaranyani iwe peke yake katika faili yake, isiyo na besi wala ngoma yetu juu yake, ili kijana wa huko atakaye kujifunza wimbo auchukue kwa mwenyewe, na wazee wakiamua kwamba msindikizo wetu haufai, waweze kuuondoa wote na kubaki na mali yao.