Upinde wa Myuu: Ufundi wa Kupunguza

Tarehe 19 Julai 1545, Mary Rose, manowari ya Mfalme Henry wa Nane, ilizama karibu na Portsmouth, kusini mwa Uingereza. Wazamiaji walipoifanyia kazi karne nne baadaye, hata kiunzi chake kikainuliwa tarehe 11 Oktoba 1982, matope yalirudisha kitu ambacho nchi kavu ilikwisha kukipoteza: pinde ndefu 172 za vita, nyingi zikiwa nzima, pamoja na maelfu ya mishale.

Kila upinde ulichongwa kutoka kipande kimoja cha mti. Mti wenyewe hauna kiungo cha gundi, msumari wala chuma. Urefu wake ni kati ya mita 1.87 na mita 2.11. Robert Hardy, mwigizaji aliyekuwa pia mtafiti mkubwa wa pinde, pamoja na mafundi na wanahesabu wenzake, alikadiria kwamba kuuvuta upinde kama huo kulihitaji nguvu ya ratili 100 hadi 185, yaani sawa na kuinua kilo 45 hadi 84. Makadirio hayo yalitokana na hesabu na pinde mpya zilizochongwa kwa vipimo vilevile, kwa sababu mbao zilizolala majini zaidi ya miaka 430 zilikuwa zimepoteza uimara wake.

Mti mtupu unabebaje mzigo huo bila kukatika? Nimeitazama kazi hii hatua kwa hatua, na kila hatua inanirudisha palepale: nguvu imo ndani ya mti tangu mwanzo, na kazi ya fundi ni kupunguza mahali panapostahili tu.

Tuanze na mti wenyewe. Pinde hizi ni za myuu, mti wa Ulaya unaokua polepole, wenye majani ya kijani mwaka mzima. Ukiukata, unaona tabaka mbili: nje mbao changa nyeupe, ndani kiini chekundu. Upinde unapovutwa, mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha, hunyooshwa. Tumbo lake, upande unaomtazama mpigaji, hubanwa. Mbao nyeupe ya myuu hustahimili kunyooshwa, na kiini chake hustahimili kubanwa. Fundi aliyeacha ukanda mwembamba wa weupe mgongoni na wekundu tumboni alipata vitu viwili vilivyoungwa na mti wenyewe. Ndiyo maana Uingereza iliisaka miti hiyo hadi ng'ambo: sheria ya mwaka 1472 ilitaka meli za biashara zilete miti minne ya pinde kwa kila tani ya mzigo.

Wahenga wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mti wa upinde unadai kinyume chake. Ukikunjwa ukiwa mbichi, tumbo husinyaa na upinde hubaki umepinda hata upote, yaani kamba yake, ukifunguliwa. Nguvu inapotea kabla ya mshale wa kwanza. Kwa hiyo gogo hupasuliwa kwa kufuata nyuzi zake, ncha hupakwa kitu cha kuzuia nyufa, kisha mti huachwa kivulini ukauke taratibu.

Uchongaji wa mwanzo hufanywa kwa shoka, kisha kisu chenye mipini miwili. Kanuni ya kwanza ni kuuheshimu mgongo. Uso wake ufuate nyuzi za mti bila kuzikata, kwa kuwa uzi uliokatwa mgongoni ndio mlango wa ufa. Mti ukiwa na wimbi, upinde nao huachwa na wimbi. Palipo na kifundo, fundi huacha nyama zaidi kukizunguka. Pinde za Mary Rose zina vinundu vya namna hiyo, na mtu asiyejua anaweza kudhani ni uzembe. Fundi aliyevilainisha kwa ajili ya macho angempa askari upinde wa kukatikia mkononi.

Sasa tumefika kwenye kiini cha kazi: kusawazisha mpindo. Upinde hulazwa juu ya gogo lililosimamishwa, upote hufungwa ukiwa umelegea, kisha huvutwa kidogo kidogo huku fundi akisimama mbali na kutazama. Anatafuta mambo mawili: palipokataa kupinda, na palipopinda kupita kiasi. Akiona kosa, hauvuti zaidi. Anaushusha, anakwangua tumbo pale palipo pagumu, kisha anauvuta mara nyingi kwa urefu uleule ili mti uonyeshe badiliko lake, ndipo atazame tena. Mahali dhaifu hapaguswi kabisa. Hapaponi kwa kuongezwa kitu, hupona kwa kupunguza pengine kote hadi palingane napo.

Hesabu inaeleza kwa nini subira hii ni lazima. Ugumu wa mbao kupinda hufuata upana kwa uwiano wa kawaida, lakini hufuata unene kwa kipeo cha tatu. Chukua sehemu yenye unene wa milimita 30. Ukiondoa milimita moja tu, umepoteza takriban asilimia 10 ya ugumu wa sehemu hiyo. Ukiondoa milimita tatu, umepoteza asilimia 27. Mikwaruzo michache isiyo na fikra inaweza kuugeuza upinde wa vita kuwa upinde wa mtoto. Ndiyo maana fundi mzuri huliacha shoka mapema, akahamia kwenye tupa na ubapa wa kukwangulia.

Pinde za Mary Rose hupinda kwa urefu wote, hata pale panaposhikwa. Hakuna sehemu inayostarehe huku nyingine ikiteseka. Kwa jicho langu, hapo ndipo ubingwa wa mafundi wale ulipo. Upinde unakatika pale kazi ya wengi inapoachiwa mahali pamoja.

Baada ya mpindo kuja ulinganifu wa mwisho. Nusu ya chini kwa kawaida huachwa ngumu kidogo kuliko ya juu, kwa sababu mkono hushika chini ya mahali mshale unapopita. Ncha huvikwa vipande vya pembe vyenye mfuo wa kushika upote. Umbali kati ya upote na mshiko huwekwa karibu sentimita 15, takriban ngumi moja na kidole gumba kilichosimama. Ukiwa mfupi mno, upote humchapa mpigaji mkononi. Ukiwa mrefu mno, safari ya kuusukuma mshale hufupika.

Mwisho ni mshale wenyewe. Upinde huu hauna tundu la kupitishia mshale katikati, hivyo mshale hulazimika kujipinda na kuuzunguka mti unapoondoka. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale mgumu kupita kiasi huelekea kushoto, na uliolegea huelekea kulia. Wengi hulaumu upinde kwa kosa la mshale. Kabla hujaugusa tena kwa tupa, badilisha mshale.

Elimu hii haiko Ulaya pekee. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi bado huwinda kwa upinde wa mti mmoja na kuinyoosha mishale yao kwa meno. Wawaata wa nyika ya Tsavo walijulikana kwa pinde nzito na mishale ya sumu walizowindia tembo. Miti ni mingine na windo ni jingine, ila mti unadai jambo lilelile kwa kila mkono unaouchonga.

Nawe ukitaka kujaribu, anza na mti mkavu usio na kifundo, na usikubali kuuvuta zaidi ya nguvu unayoitaka mwishoni. Kwangua kidogo, vuta, simama mbali, tazama. Siku uliyochoka, weka tupa chini. Kipande kilichokwisha kuanguka sakafuni hakirudi kwenye upinde.