Uti, Pingili na Ubavu: Tathmini ya Istilahi za Mifupa ya Kiwiliwili

Istilahi hupimwa kwa kazi yake, wala si kwa utamu wa sauti yake. Tunazipima hapa istilahi tatu za mifupa ya mgongo na kifua, kwa mifano ya Nyanda za Juu Kusini.

Ya kwanza ni "uti wa mgongo". Imebebeshwa mizigo miwili: safu ya mifupa, na mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani yake. Mtu aliyeanguka mtini, akaambiwa kuwa uti wa mgongo umeumia, hajui kama ni mfupa uliopata ufa, ambao aghalabu huunga, au ni mshipa, ambao ukikatika miguu hupooza. Aidha, "homa ya uti wa mgongo" si maradhi ya mifupa. Ni kuvimba kwa utando unaofunika ubongo na mshipa huo. Jina la homa limekwisha kuzoeleka na lisiguswe. Lakini katika vitabu na vyeti, "uti" ubaki kwa mifupa, na mshipa uitwe "ugwe wa mgongo".

Ya pili ni "pingili", nayo tunaisifu. Mwanafunzi wa Iringa, aliyekulia penye mianzi ya ulanzi, haelezwi mara mbili. Pingili hupangana na huhesabika: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha zile zilizoungana hadi kifandugu. Hata hivyo mfano huu una mpaka wake. Mwanzi huzibwa katika kila kifundo, ilhali mfereji wa uti u wazi ili ugwe upite. Na kati ya pingili na pingili hakuna kifundo kigumu bali gegedu. Mwalimu aonyeshe mfano unapokomea.

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakitoshi kwa elimu ya namna hii. Mwaka 2017 dinosauri aliyefukuliwa Songwe, eneo lililokuwa la Mkoa wa Mbeya hadi 2016, alipewa jina la kitaalamu Shingopana songwensis. Miongoni mwa mabaki yake zimo pingili za shingo. Mwaka 2019 mwingine wa Songwe akaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa umbo la moyo la pingili ya mkia wake. Lugha iliyowafaa wataalamu wa dunia kwa mnyama wa kale haiwezi kushindwa kwa binadamu.

Ya tatu ni "ubavu", ambao ni mfupa na pia ni upande wa mwili. Tangu sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama, utata huu una gharama: "aliumizwa ubavu" yaweza kuwa mchubuko, yaweza kuwa mfupa uliovunjika, na adhabu hazilingani. Mganga aandike "mfupa wa ubavu wa saba, kulia".

Mfasiri naye asitafsiri neno kwa neno akatuletea "mbavu za uongo", kana kwamba mfupa husema. Jozi 7 zilizoshikamana na kidari ziitwe mbavu funge. 3 zinazoegemea gegedu la jozi iliyo juu, mbavu tegemezi. Na 2 za mwisho, mbavu huru. Maneno hayo yanaeleza kazi, na kazi ndiyo kipimo.