Kitufe Kisicho na Mpaka: Uhakiki wa Sura ya iOS 7

Tarehe 18 Septemba 2013 kampuni ya Apple ilitoa iOS 7, na programu zake za simu zikabadilika sura kwa siku moja. Hapo awali, programu ya kuandikia kumbukumbu ilifanana na daftari la manjano lenye mistari. Ile ya michezo ilitandikwa kitambaa cha kijani kama cha meza ya karata. Vitufe vilikuwa na mipaka na vivuli. Mwongozo mpya, uliotokana na kazi iliyosimamiwa na Jony Ive, ulidai mambo matatu: sura isishindane na yaliyomo, maandishi yasomeke wazi, na tabaka zidhihirishe kina. Watungaji wa programu nyingine nao walihimizwa kuufuata.

Mwongozo huo ulikuwa na haki yake. Tangu 2007 watumiaji wa iPhone walikuwa wamekwisha kuzoea kugusa kioo. Hawakuhitaji tena picha ya karatasi ili wajue kwamba hapo ni mahali pa kuandika. Pambo linalorudia yanayojulikana huchosha macho.

Kosa lake ni kuchanganya pambo na alama. Kitambaa cha kijani kilikuwa pambo. Mpaka wa kitufe ulikuwa alama, maana ulitenga neno la kusomwa na neno la kubonyezwa. Mpaka ulipoondolewa, mara nyingi ilibaki rangi peke yake kubeba tofauti hiyo.

Mwanaisimu ataona hapa jambo analolifahamu. Katika sentensi «Vitabu vile viwili vimepotea», kiambishi vi- kinatokea mara nne. Mpenda ufupi atasema kwamba mara tatu ni za ziada. Lakini katika kelele za soko, kimoja kikimpita msikilizaji, vingine humfikishia maana. Marudio hayo ni msaada.

Yaweza kujibiwa kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kimepunguza upatanisho wa ngeli, na watu wanaelewana. Ni kweli. Lakini upungufu huo uliletwa na wasemaji wenyewe, polepole, kwa kadiri ya mahitaji yao. Sura ya iOS 7 iliamuliwa na wachache, kisha ikawafikia wote kwa mara moja.

Apple yenyewe ilitoa ushahidi. Mwezi Machi 2014, toleo la 7.1 liliongeza chaguo la kurudisha maumbo ya vitufe. Hata hivyo, chaguo hilo liliwekwa ndani ya mipangilio, likiwa limezimwa. Hivyo mtu asiyetambua vitufe alitakiwa kupitia vitufe kadhaa ndipo aweze kuviona. Mwongozo wowote wa sura mpya hauna budi kupimwa kwake kwanza, kabla ya kupimwa kwa uzuri.