Umafia bila Mafia: Hukumu Zinazopingana za Wasomaji juu ya Riwaya ya Upelelezi ya Unguja

Neno Mafia lina makao mawili katika Kiswahili. La kwanza ni kisiwa kilichoko kusini ya Unguja, na mtu akitaja watu wa Mafia hapana anayeshituka: msikilizaji huwazia minazi, majahazi na samaki. La pili limekuja kwa njia ya sinema na magazeti, nalo halikukaa sana kabla ya kuvishwa kiambishi. Siku hizi anayesema "huo ni umafia" aghalabu huwa anaizungumzia klabu ya mpira iliyomnyakua mchezaji wa wapinzani usiku, au mgombea aliyemzidi mwenzake ujanja. Koo za Sicilia hazimo kabisa katika mawazo yake. Kiambishi u- kimefanya kazi yake ya kawaida: kimelichukua jina la chama na kulifanya jina la tabia. Chama kina wakubwa, viapo na mipaka. Tabia haina mwenyewe, na yeyote aweza kuwa nayo.

Badiliko hilo dogo la kimofolojia linatuelekeza kwenye swali la kifasihi ambalo halijajibiwa vya kutosha. Kwa nini Unguja, iliyomtoa mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, haikutoa riwaya ya genge? Na kwa nini wasomaji wanaozijua aina zote mbili hutofautiana vikali wanapozilinganisha?

Swali hili halikuzaliwa maktabani. Jang'ombe ni mtaa wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori iliyokuwa ikiutenga Mji Mkongwe kabla ya kufukiwa. Katika mabaraza yake hubishaniwa mpira, siasa na, mara chache kuliko ningependa, vitabu. Nimepata kuwasikia hapo wasomaji wakizipima riwaya za Muhammed Said Abdulla dhidi ya The Godfather ya Mario Puzo (1969), ambayo wengi wao waliijua kwanza kwa filamu ya 1972. Hapakuwa na hojaji wala sampuli, na sidai kwamba maneno hayo yanawakilisha watu wote. Ninayaleta kwa sababu yaligusa mambo ambayo uhakiki wetu umeyapita kwa haraka.

Msomaji mmoja, mtu mzima aliyestaafu, alishikilia kwamba Bwana Msa ni bora kwa lugha na kwa akili: hapigi mtu, hafyatui risasi, na jambo lililowatisha watu wote hulifumbua akiwa na kiko chake mdomoni. Kijana mmoja alimjibu kwamba hiyo ndiyo kasoro yenyewe. Katika riwaya za Abdulla, alisema, hakuna anayeogopwa. Mwuaji akishajulikana mambo yamekwisha, ilhali kwa Puzo mwuaji anajulikana tangu mwanzo na bado msomaji hana raha. Mwanamke mmoja, mwalimu wa skuli, hakuridhika na upande wowote. Kwake vitabu vyote hivyo ni vya wanaume wanaozungumza chumbani, na mwanamke ni ama siri ya kufichuliwa ama mke wa kufungiwa mlango.

Hukumu ya mstaafu ndiyo iliyo karibu zaidi na ile iliyompa Abdulla jina. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akaingia katika uandishi wa habari na kuuhariri Zanzibari. Mwaka 1958 alianza kulihariri jarida la Mkulima huko Bara, hadi alipostaafu mwaka 1968. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la utungaji la East African Literature Bureau la 1957–58 na ikachapishwa mwaka 1960. Zilizofuata, kuanzia Kisima cha Giningi (1968) hadi Kosa la Bwana Msa (1984), zilimfanya Bwana Msa kuwa mhusika anayejulikana hata na watu wasiolikumbuka jina la mtungaji. Sioni kuwa ni bahati tu kwamba mtungaji huyu aliwahi kuwa mkaguzi wa afya. Kazi hiyo humpa mtu ruhusa ya kuingia katika nyua za wengine na kutazama kile ambacho wenye nyumba hawataki kitazamwe.

Wahakiki wa vyuo vikuu hawakuwa wakarimu kiasi hicho. Katika miaka ya 1970 na 1980, fasihi ilipotakiwa kushiriki katika ukombozi na ujenzi wa jamii, riwaya ya upelelezi ilitiwa katika fungu la burudani na kuonekana nakala ya Kiingereza: kiko ni cha Sherlock Holmes, na Najum ni Watson aliyevaa kanzu. Rajmund Ohly, katika kitabu chake cha 1981 juu ya nathari ya miaka ya sabini, aliichukulia hadithi ya uhalifu na mapenzi kama jambo la kijamii linalostahili kuchunguzwa, na kwa hilo alitufaa. Lakini mgawanyo wa riwaya "pendwa" na riwaya "dhati" umebaki katika mitaala yetu, na mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu ya Abdulla bado hutakiwa kuanza kwa kujitetea. Anayeandika juu ya Nyota ya Rehema haulizwi swali hilo.

Kwa Puzo nako hukumu ziligawanyika, na kwa njia inayofundisha. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliiandika riwaya hiyo kwa sababu ya fedha, kwamba hakuwahi kumjua jambazi halisi bali alitegemea utafiti, na kwamba angalitamani angaliiandika vizuri zaidi. Wasomaji hawakumngoja arekebishe. Kitabu kilikaa katika orodha za vitabu vinavyouzwa sana kwa zaidi ya mwaka. Baadhi ya Wamarekani wenye asili ya Italia walikiona kuwa matusi kwa jamii yao. Shinikizo la jumuiya iliyoanzishwa na Joseph Colombo, ambaye mwenyewe alikuwa mkuu wa mojawapo ya koo za uhalifu za New York, lilifanya neno "Mafia" liondolewe katika mswada wa filamu. Filamu mashuhuri kuliko zote juu ya Mafia, basi, ilitengenezwa kwa ahadi ya kutoitaja Mafia kwa jina. Wakati Kiswahili kilipolichukua neno na kukiacha chama, sinema ilikichukua chama na kuliacha neno.

Hans Robert Jauss alitufundisha kwamba msomaji hukijia kitabu akiwa na upeo wa matarajio, na kwamba thamani ya kazi hupimwa pia kwa jinsi inavyousogeza upeo huo. Nadharia hii hutumiwa sana katika tasnifu zetu, mara nyingi kwa kutajwa katika sura ya pili na kusahauliwa katika sura ya nne. Hapa ina kazi ya kweli. Mstaafu na kijana hawatofautiani kwa ladha peke yake; kila mmoja anatarajia kitu tofauti kutoka kwa haki. Mstaafu anatarajia kwamba kweli ikishajulikana, haki itafuata. Kijana hatarajii hivyo hata kidogo.

Tutazame jinsi riwaya ya Puzo inavyoanza. Amerigo Bonasera, mwenye biashara ya mazishi, ameketi mahakamani akiwaangalia vijana waliompiga binti yake wakipewa adhabu isiyo na maana. Ameamini sheria za Marekani maisha yake yote. Sasa atakwenda kwa Don Corleone kuomba haki. Mvuto wa kitabu kizima umejengwa juu ya safari hiyo kutoka mahakamani kwenda kwa mtu. Sasa tumtazame Bwana Msa. Yeye naye si askari, na hana cheo. Watu wanamwendea yeye ijapokuwa polisi wapo. Kwa umbo, basi, Bwana Msa anakaa pale pale anapokaa Don: ni mtu wa faragha anayefanya kile ambacho dola haikukifanya. Wanapoachana ni katika kile wanachokirejesha. Don humrejeshea mwombaji kisasi na kumwachia deni. Bwana Msa hurejesha maelezo, humwachia Inspekta Seif mkosaji, kisha huondoka bila ya kumdai mtu. Hana wafuasi, wala ukoo anaoulinda.

Kwa hiyo kijana wa Jang'ombe aliona sawasawa kwamba kwa Abdulla hakuna anayeogopwa, ila sababu yake si udhaifu wa ufundi. Uhalifu katika riwaya hizi hukaa ndani ya nyumba: urithi, nasaba, ndoa na aibu iliyozikwa miaka mingi. Jinai ya namna hiyo haihitaji genge, kwa sababu jamaa wenyewe wanatosha kuficha. Puzo pia ameandika juu ya jamaa, lakini jamaa yake imegeuzwa serikali ndogo yenye mapato na majeshi. Jamaa za Abdulla hazina haja ya majeshi. Zina heshima, na heshima hufunga vinywa kuliko bastola.

Kuna jambo jingine ambalo kwalo Unguja haikuhitaji kuagiza chama cha siri kutoka ng'ambo. Tayari ilikuwa nacho katika fikra zake. Giningi, katika imani za visiwa hivi, ni makutano ya wachawi, wenye mkuu wao na karamu zao, na asiye mwenzao haendi akarudi na habari. Said Ahmed Mohamed aliiona nguvu ya dhana hiyo alipoifanya Giningi kuwa dola ya udhalimu katika tamthilia ya Kivuli Kinaishi (1990). Abdulla alikuwa ameitia katika jina la riwaya yake zaidi ya miaka ishirini kabla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale vilevile, maiti inaonekana penye mzimu, na jamii ina maelezo yake tayari. Bwana Msa anayakataa.

Kukataa huko ndiko kulikofanya baadhi ya wasomaji wamwone Bwana Msa kuwa mtu wa kasumba, Mswahili aliyevaa akili ya mkoloni. Siikubali hukumu hiyo. Mtungaji alizaliwa Makunduchi, mahali ambapo Mwaka Kogwa huadhimishwa hadi leo na ambapo mzimu hauko katika vitabu tu. Mtu wa huko hawezi kuuchukulia mzimu kama pambo la kuwachekesha wageni. Anachokipinga Bwana Msa ni urahisi wa kumpakazia asiyeweza kujitetea. Mzimu ukilaumiwa, mtu fulani aliye hai anapona. Tukiisoma hivyo, mantiki yake inakuwa msimamo wa kimaadili, na kiko kinabaki kuwa kiko tu.

Lakini watetezi wa Abdulla, nami nikiwa mmoja wao, hawana budi kumjibu yule mwalimu. Jibu langu ni kwamba ana haki kwa sehemu kubwa. Jina kama Mke Mmoja Waume Watatu (1975) linamtangaza mwanamke kuwa fumbo tangu jaladani, na fumbo hufumbuliwa na wengine. Kwa upande wa Puzo pana jambo ambalo yeye hakulijua, kwa kuwa alihukumu kwa filamu. Filamu inamalizika mlango ukifungwa mbele ya uso wa Kay. Riwaya haimaliziki hapo: Kay anakwenda kanisani na kuiombea roho ya Michael. Wapo watakaosema kwamba mwisho wa kitabu ni mlaini zaidi. Mimi nauona kuwa mkali zaidi, maana mke anayeomba anajua anachokiombea, na amekubali kukaa nacho. Abdulla hakumpa mwanamke yeyote, kwa kadiri ninavyozisoma kazi zake, ujuzi wa namna hiyo.

Msomaji wa Ng'ambo ana dai moja zaidi. Riwaya za Bwana Msa, kwa sehemu kubwa, ni za watu wenye majumba na mashamba. Watumishi wapo kwa ajili ya kufungua milango na kusema walichokiona usiku. Upande wa pili wa hori hauonekani sana. Waliokuja kuuandika ulimwengu wa wanyonge, Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979) wakiwa mbele, walilazimika kumwacha mpelelezi nje. Kwa mtwana wa shamba hapakuwa na siri ya kufumbua: aliyemdhulumu alikuwa akimwona kila asubuhi.

Ndipo tunapofika kwenye Haini (2003), riwaya ambayo naiona kuwa jibu kali zaidi kwa Bwana Msa ijapokuwa haimtaji. Adam Shafi aliwekwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972, na riwaya inasimulia mateso ya waliokamatwa baada ya kiongozi wa nchi kuuawa. Vyombo vyote vya hadithi ya upelelezi vimo: maiti, washukiwa, mahojiano, maungamo. Vimegeuzwa tu. Anayeuliza anajua jibu analolitaka kabla ya kuuliza, na maungamo hupatikana kwa maumivu badala ya hoja. Hamza, mfungwa wake, hana fumbo la kufumbua ila lake mwenyewe: aseme nini ili abaki hai. Hapa hatimaye pana ile nguvu ya kuogopwa ambayo kijana wa Jang'ombe aliikosa kwa Abdulla, yenye viapo, vyumba vilivyofungwa na watu wanaotoweka, lakini haikai nje ya sheria kama genge la Puzo. Inavaa sare, inatia saini, na funguo za gereza ziko mikononi mwake. Msomaji aliyezoea kungoja ukurasa wa mwisho ambapo Bwana Msa atakohoa kidogo na kuanza kueleza, hapa anangoja bure, kwani chumbani hakuna aliyeagizwa kutafuta kweli.