Mzazi Yuko Huku, Mlezi Yuko Kule



Waswahili tuna neno mzazi na tuna neno mlezi, na tunajua kwamba si lazima yawe ya mtu mmoja. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo haikututoka kichwani tulipokuwa tukikisoma tena kitabu cha Caroline Wanjiku Kihato, Migrant Women of Johannesburg, kilichotoka mwaka 2013 na ambacho huku Afrika Kusini kilichapishwa na Wits University Press, mtaani kwetu Braamfontein. Tumeona tukijadili katika toleo hili, kwani kinatuhusu sisi na ninyi mlioko Muscat, London au Minneapolis.

Kwa wasioijua Braamfontein, ni mtaa ulio juu kidogo ya katikati ya jiji. Upande mmoja kipo Chuo Kikuu cha Wits. Upande mwingine ipo reli, na ng'ambo ya reli ipo Park Station, ambako mabasi ya masafa marefu hushusha watu na mizigo yao. Juu ya reli limepita Daraja la Nelson Mandela, lililofunguliwa mwaka 2003, ambalo watu hupenda kupigia picha. Picha hizo tutazirudia baadaye, maana ndizo kiini cha hoja yetu.

Kihato ni mwandishi mwenye asili ya Kenya. Kwa utafiti wake aliwapa kamera wanawake waliotoka nchi mbalimbali za Afrika na kuishi katika mitaa ya ndani ya jiji kama Hillbrow, Berea na Yeoville. Wakapiga picha za maisha yao, kisha wakamweleza maana yake. Njia hii ndiyo sifa ya kwanza ya kitabu. Tumezoea kuandikwa na watu wanaotuhesabu au kutuonea huruma. Humu mwanamke ndiye anayeamua tuangalie nini: chumba chake, biashara yake ya barabarani, nguo yake nzuri. Mwandishi hamfanyi shujaa, wala hamfanyi maskini wa kuombewa.

Sifa ya pili ni jinsi anavyoieleza hali ya kuwa katikati. Mwanamke huyu hajafika Johannesburg kikamilifu, kwa kuwa karatasi zake ni za muda na polisi anamsumbua. Nyumbani nako hawezi kurudi mikono mitupu, kwani kurudi hivyo mbele ya jamaa ni kama kufa ungali hai. Kwa hiyo hutuma fedha na hutuma picha. Picha huonyesha sebule yenye kochi na sura iliyonawiri. Haionyeshi chumba kilichogawanywa kwa pazia kwa familia tatu.

Nani kati yetu hajawahi kusimama darajani na koti la kuazima, akachagua upande ambao majengo marefu yanaonekana vizuri? Wengi huita tabia hii uongo. Sisi tunasema, kwa mama aliyeacha mtoto nyumbani, hiyo nayo ni sehemu ya ulezi. Mtoto wa miaka saba akijua mama analala sakafuni, naye halali. Mama humlea kwa kumficha, kama vile mama aliyepo nyumbani anavyosema ameshashiba ili watoto wagawane chakula kilichobaki.

Hapo ndipo lawama yetu ya kwanza inapoanzia. Kwa mtazamo wetu, kitabu kinamweka mtoto aliyeachwa katika kundi moja na jamaa wengine wote wanaongoja. Anakuwa deni mojawapo, pamoja na mjomba anayetaka simu na kaka anayetaka mtaji. Lakini mjomba ukimchelewesha atakasirika tu. Mtoto ukimchelewesha anakua. Fedha ya ada inaweza kutumwa mwezi ujao, ila jino la kwanza lililong'oka halimngojei mama. Tofauti hii ndiyo uchungu wenyewe wa uzazi wa ugenini, nasi tulitamani mwandishi akae nayo zaidi.

Lawama ya pili ni kwamba bibi hasikiki. Utafiti ulifanyika Johannesburg, kwa hiyo sauti ni za waliosafiri. Lakini mama wa huku hawezi kueleweka bila mama yake wa kule, aliyeanza tena kuamka usiku kwa ajili ya homa ya mtoto wakati alipofikiri ameshamaliza kulea. Huyo ndiye mlezi. Fedha inapofika yeye ndiye anayepanga: daftari kwanza au dawa yake ya presha? Mamlaka yake juu ya mtoto, na hofu ya mama kwamba siku moja mtoto ataita "mama" na kumtazama bibi, havimo kitabuni kwa kiasi kinachostahili.

Tusidhani kwamba mgawanyo huu umeletwa na wageni. Hapa Braamfontein, kwenye kilima cha Constitution Hill, Jela ya Wanawake bado imesimama karibu na Mahakama ya Katiba. Oktoba 1958 Winnie Madikizela-Mandela alifungwa humo akiwa mjamzito, pamoja na mamia ya wanawake waliopinga sheria ya pasi. Sheria hizo ziliruhusu mikono ya mwanamke Mwafrika iingie mjini kulea watoto wa Wazungu, huku wake wakibaki kijijini kwa bibi yao. Jiji hili limezoea kuitaka kazi ya mama bila kumtaka mtoto wake.

Na mtoto akizaliwa huku je? Hapa historia imekipita kitabu. Mwaka 2020 idara ya afya ya jimbo la Gauteng ilitoa sera iliyofanya wajawazito na watoto wadogo wa kigeni watozwe malipo hospitalini. Shirika la SECTION27, lenye ofisi mtaa wa De Korte papa hapa, lilikwenda mahakamani pamoja na wanawake walioathirika. Aprili 2023 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka sita wana haki ya kutibiwa bure, watokako popote. Hata hivyo, mwaka 2025 kundi la Operation Dudula lilisimama milangoni mwa kliniki likidai vitambulisho, na Novemba mwaka huo huo mahakama ikalikataza.

Basi mama mmoja ana watoto wawili. Wa kule anamjua kwa sauti na fedha. Wa huku anamjua kwa mgongo uliochoka na foleni za kliniki. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyempata mama. Kihato ametuonyesha vizuri jiji ambamo mama huyu anaishi. Watoto hawa wawili bado wanangoja mwandishi wa kuwaweka katika ukurasa mmoja.

Pengine mwandishi huyo hatakuwa mtafiti wala hataandika Kiingereza. Katika kitabu hiki wanawake wa nchi nyingi wanatufikia kwa lugha hiyo moja, na mama wa nchi hii na wa nchi ile wanasikika kama waliokulia nyumba moja. Hatumlaumu Kihato kwa hilo, kwani amefanya kazi kubwa ambayo sisi hatukuifanya, na tunawasihi mkitafute mkisome.

Lakini akina mama mnaosoma ukurasa huu, tuandikieni kwa Kiswahili chenu, cha Kivu au cha Pwani. Na mkimpigia bibi simu Jumapili, msiulize habari za mtoto peke yake. Mwulizeni naye analeaje, kisha mtuandikie atakalosema.

Wasalaam.